Usalama wa Barabara Hupangwa Kabla ya Lami: Mazingatio Juu ya Barabara za Goba, Dar es Salaam

Barabara kuu inayopita katikati ya makaazi ya watu huwa na watumiaji wa namna mbili ambao haja zao hazilingani. Wa kwanza ni msafiri anayetaka kupita bila ya kusimama. Wa pili ni mkaazi anayetaka kuvuka ili afike sokoni, skuli, msikitini, kanisani, hospitali au kituo cha daladala. Barabara iliyochorwa kwa ajili ya msafiri peke yake humwachia mkaazi hatari kila siku. Barabara isiyomzingatia msafiri nayo hujaa foleni, hata mkaazi mwenyewe akashindwa kutoka mtaani kwake. Kazi ya wapangaji ni kuzipatanisha haja hizo mbili mapema, wakati kosa bado linaweza kufutwa kwenye mchoro kwa gharama ndogo.

Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanywa na kwa nini inawahusu wananchi wote. Mfano uliochukuliwa ni wa Goba, kata iliyo nje ya katikati ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo kwa muda mfupi imegeuka kutoka mashamba na kuwa mji. Yanayotokea huko yana mafunzo kwa kila mahali panapopanuka kwa haraka, vikiwemo vitongoji vipya vya Mji wa Zanzibar.

GOBA NA MAHALI ILIPO

Jiji la Dar es Salaam lilikua kwa kufuata barabara nne zinazotoka katikati ya mji: Barabara ya Bagamoyo upande wa kaskazini, Barabara ya Morogoro upande wa magharibi, Barabara ya Nyerere, ambayo zamani ikiitwa Barabara ya Pugu, na Barabara ya Kilwa inayopita Temeke kuelekea Mbagala. Anayeitazama ramani ya jiji huona umbo la kiganja kilichotanuliwa vidole. Mipango mikuu ya mji ilitayarishwa mwaka 1949, 1968 na 1979, lakini watu waliongezeka kwa kasi kuliko utekelezaji wake. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 2,487,288 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na mwaka 2022 wakafikia 5,383,728. Watu hao walipokosa nafasi kandokando ya barabara kuu, walianza kujenga katika maeneo yaliyo baina ya vidole hivyo.

Goba ni moja ya maeneo hayo. Iko baina ya Barabara ya Morogoro na Barabara ya Bagamoyo, katika ardhi ya vilima na mabonde. Kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Manispaa ya Kinondoni, na sasa imo katika Manispaa ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni katikati ya miaka ya 2010. Zamani mtu aliyetoka Mbezi kwenda Tegeta kwa njia ya lami alilazimika kuteremka hadi Ubungo, ashike Barabara ya Sam Nujoma hadi Mwenge, kisha apande tena kaskazini kwa Barabara ya Bagamoyo. Safari ya jirani kwa jirani ilipitishwa katika njia panda zenye msongamano mkubwa kabisa nchini.

Ili kuupunguza mzigo huo, Serikali ilijenga kwa kiwango cha lami, kwa awamu kuanzia miaka ya 2010, barabara zinazokutana Goba. Moja inatoka Tangi Bovu iliyopo kwenye Barabara ya Bagamoyo. Nyingine inakwenda Mbezi Mwisho iliyopo kwenye Barabara ya Morogoro. Ya tatu inapita Madale kuelekea Wazo Hill na Tegeta, na ya nne inaelekea Makongo na Chuo Kikuu Ardhi. Kwa hatua hiyo vidole viwili vya jiji vikaunganishwa.

Tarehe 24 Februari, 2021 Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kilifunguliwa Mbezi Luis, na mabasi ya mikoani yakahamishwa kutoka Ubungo. Tangu hapo, abiria wa Tegeta, Bunju na Madale anayesafiri kwenda bara huiona Goba kuwa njia yake ya karibu zaidi. Lori la kokoto, basi dogo la abiria, bodaboda, bajaji na gari ya mkaazi anayewahi kazini vyote hutumia lami ile ile ambayo mtoto wa skuli huivuka asubuhi na jioni. Goba imepata barabara iliyokuwa ikiitamani, na pamoja nayo imepata jambo ambalo haikuwa nalo hapo awali, yaani gari nyingi za watu wanaopita tu.

MAFUNZO YA BARABARA YA MOROGORO

Majirani wa Goba walioko kwenye Barabara ya Morogoro wamekwisha kuonja gharama ya kupanga baada ya watu kujenga. Katika kipande cha kutoka Kimara kuelekea Kibaha, hifadhi ya barabara ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Kwa miaka mingi watu walijenga ndani ya eneo hilo nyumba za kuishi, maduka na nyumba za ibada. Mwaka 2017, ilipotakiwa nafasi ya kupanua barabara, majengo yaliyokuwemo yalibomolewa. Familia zilizoweka akiba ya maisha yao yote katika matofali zilibaki na vifusi.

Upanuzi uliofuata, wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, ulianza mwaka 2018 na kuifanya barabara kuwa na njia nane. Hakuna shaka kwamba ulihitajika, kwani barabara hiyo ni lango la Dar es Salaam kwa mikoa mingi ya bara na kwa nchi jirani zinazopitisha mizigo bandarini. Hata hivyo, funzo lake ni la pande mbili. La kwanza ni kwamba hifadhi ya barabara isiyolindwa kila mwaka hugeuka kuwa msiba siku inapohitajika. La pili ni kwamba barabara pana humrahisishia dereva na kumzidishia kazi mvukaji.

Jambo hili la pili linafaa kufafanuliwa kwa hesabu. Njia moja ya gari huwa na upana wa takriban mita 3.5. Barabara ya njia mbili ina mita 7, na mtu mzima mwenye afya huivuka kwa muda wa sekunde 6 hivi. Barabara ya njia nane ina mita 28 za lami, ambazo huhitaji sekunde zipatazo 23. Katika sekunde hizo, gari inayokwenda kilomita 80 kwa saa huwa imetembea zaidi ya nusu kilomita. Kwa hiyo, mvukaji asiyepewa daraja, taa au mahali pa kupumzika katikati ya barabara hutakiwa kuikisia gari ambayo pengine hata haijaonekana. Mzee, mama aliyebeba mtoto na mtu mwenye ulemavu huhitaji muda mrefu zaidi ya huo.

MWENDO WA GARI NA UHAI WA BINADAMU

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka ulimwenguni kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaofariki ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani watu wasiokuwa na bati la kuwakinga. Umoja wa Mataifa umeitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kuchukua hatua, kwa lengo la kuvipunguza vifo hivyo kwa nusu.

Katika sababu zote, mwendo wa gari ndio wenye uzito mkubwa. Dereva anapoona hatari hahitaji kukanyaga breki tu, bali huhitaji kwanza muda wa kutambua. Akitumia sekunde moja kutambua, na breki zake zikiwa nzima juu ya lami kavu, gari iliyo katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 hivi. Kwa kilomita 50 huhitaji mita zipatazo 28, na kwa kilomita 80 huhitaji takriban mita 58. Mtoto aliyetokea ghafla mita 20 mbele ya gari atasalimika katika hali ya kwanza, atagongwa katika hali ya pili, na katika hali ya tatu atagongwa kabla dereva hajakanyaga breki. Shirika hilo linaeleza pia kwamba hatari ya mtu kufariki anapogongwa na mbele ya gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa.

Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makaazi. Lakini inafaa ieleweke kwamba kibao peke yake hakimzuii dereva. Barabara iliyonyooka, pana na laini humwambia dereva akimbie, hata kama kibao kinamwambia apunguze. Goba ilipokuwa na barabara ya vumbi, mashimo yalifanya kazi ya askari. Lami ilipokuja, mashimo yaliondoka na kazi hiyo ikabaki bila ya mwenyewe. Ni wajibu wa mchoro wa barabara kuichukua.

HATUA ZA KUPANGA

Mpango wa usalama na wa kurahisisha usafiri katika barabara inayopita mjini hufuata hatua zinazoeleweka. Mwananchi akizijua atafahamu ni wakati gani maoni yake yana nguvu zaidi.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Wataalamu husimama barabarani, asubuhi, mchana na jioni, wakahesabu gari kwa aina zake, pikipiki, baiskeli na waendao kwa miguu. Mara nyingi hesabu huishia kwenye gari, na waendao kwa miguu husahauliwa, ilhali wao ndio wengi katika vitongoji. Hesabu isiyowajumuisha itatoa barabara isiyowajumuisha.

Hatua ya pili ni kuzikusanya kumbukumbu za ajali kutoka Polisi na hospitali, na kuzionyesha juu ya ramani. Ajali hazitawanyiki ovyo. Hukusanyika katika sehemu chache, kama vile kwenye kona isiyoonyesha mbele, mteremko unaoishia kwenye kituo cha daladala, njia panda isiyokuwa na alama, au mbele ya lango la skuli. Katika ardhi ya vilima kama ya Goba, dereva anayepanda haoni kilichopo upande wa pili wa kilele, na anayeshuka huhitaji masafa marefu zaidi ya kusimama. Kivuko kilichochorwa nyuma tu ya kilele ni mtego hata kikipakwa rangi vizuri.

Hatua ya tatu ni upembuzi yakinifu na usanifu wa kina, ambapo wahandisi hulinganisha njia mbalimbali za kuondoa tatizo na gharama ya kila moja. Hapa ndipo inapotakiwa ifanywe tathmini ya usalama na wataalamu wasiohusika na mchoro wenyewe, kwa sababu aliyechora mara nyingi haoni upungufu wa kazi yake.

Hatua ya nne ni tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inataka tathmini hiyo ifanywe kwa miradi mikubwa na wananchi washirikishwe. Katika mikutano hiyo mama anayeuza mboga anaweza kumwonyesha mhandisi mahali watu wanapovuka kweli, ambapo aghalabu si pale palipochorwa.

Hatua ya tano ni ujenzi, na wakati wake una hatari zake. Mchepuko usiokuwa na taa usiku, shimo lisilokuwa na uzio na kivuko kilichozibwa kwa kifusi husababisha vifo katika mradi uliokusudiwa kuvizuia. Mkataba wa mkandarasi hauna budi kuyataja mambo haya waziwazi. Hatua ya mwisho ni kurudi barabarani baada ya kazi kukamilika, kuhesabu tena na kulinganisha.

MAREKEBISHO YANAYOFAA

Marekebisho yanayofaa kwa barabara za namna ya Goba mengi yake si ya gharama kubwa.

Njia ya waendao kwa miguu ndiyo ya kutangulia. Iwe imeinuliwa kwa kingo, pana kiasi cha watu wawili kupishana, na isikatike mbele ya kila duka. Mahali ambapo hakuna njia ya miguu, mwananchi hutembea juu ya lami, na wakati wa masika, kandokando ya barabara zinapojaa maji, husogea katikati zaidi.

Vivuko viwekwe mahali watu wanapovuka, na viinuliwe juu ya lami ili gari ilazimike kupunguza mwendo. Barabara ya njia nne au zaidi iwe na kisiwa cha katikati, ili mvukaji aangalie upande mmoja kwa wakati mmoja. Daraja la waendao kwa miguu linafaa juu ya barabara pana yenye mwendo mkubwa, lakini mtu mwenye mzigo kichwani hatapanda ngazi nyingi ikiwa chini kuna mwanya. Daraja lisilokuwa na mteremko wa viti vya magurudumu humfungia nje mtu mwenye ulemavu.

Njia panda zihitaji uangalifu wa pekee. Katika njia panda ya kawaida ambapo barabara nne hukutana, zipo sehemu 32 ambazo njia za gari mbili zinaweza kugongana. Kipilefti kidogo chenye njia moja moja hupunguza sehemu hizo hadi 8, na hulazimisha kila dereva kupunguza mwendo hata usiku ambapo hakuna askari wala umeme wa taa. Kwa mahali kama Goba, panapokutana barabara za Mbezi, Tangi Bovu, Madale na Makongo, ni hatua ya kuzingatiwa kabla ya kufikiria miundo mikubwa. Barabara za juu kama za Mfugale pale TAZARA, zilizofunguliwa mwaka 2018, na za Kijazi pale Ubungo, zilizofunguliwa mwaka 2021, zilijengwa kwa ajili ya njia panda za aina nyingine kabisa, ambapo barabara kuu za taifa hukatana.

Vituo vya daladala vitengewe nafasi nje ya njia ya gari, na kivuko kiwe nyuma ya kituo. Abiria anayevuka mbele ya daladala iliyosimama haonekani na gari inayoipita. Bodaboda na bajaji nazo zitengewe maegesho yaliyo karibu na kituo, kwani zisipopewa nafasi zitajitafutia, na nafasi hiyo itakuwa njia ya miguu.

Mitaro ni sehemu ya usalama pia. Maji ya mvua za vuli na masika yanayoteremka vilimani huchimba kingo za lami, hubeba mchanga na kuutandaza juu ya barabara, ambako pikipiki huteleza. Mtaro uwe na mfuniko pale watu wanapopita.

Usafiri wa umma hauna budi kuingizwa katika mpango huo huo. Mabasi ya mwendo wa haraka yalianza kazi mwezi Mei, 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na basi moja refu la aina hiyo huchukua abiria zaidi ya mia moja, ambao kama wangepanda gari binafsi wangejaza barabara kwa mamia ya mita. Mkaazi wa Goba akipata daladala za uhakika za kumfikisha Kimara au Mbezi, ataiacha gari yake nyumbani. Foleni hupungua kwa namna hiyo bila ya kuongeza hata njia moja ya lami.

Kwamba hatua ndogo huokoa maisha, ushahidi wake umepatikana Dar es Salaam kwenyewe. Shirika la Amend lilianzisha huko mradi wa kutathmini na kurekebisha barabara zinazozunguka skuli za msingi. Kazi yake ilikuwa kujenga njia za miguu, matuta, vivuko na alama, na baadhi ya mahali kuhamisha lango la skuli kutoka barabara kubwa hadi mtaa wa pembeni. Tathmini ilionyesha kwamba majeruhi katika maeneo yaliyorekebishwa walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya Ross inayotolewa na taasisi ya WRI kwa kazi zinazobadilisha miji.

HIFADHI YA BARABARA NA HAKI YA MWANANCHI

Hakuna rekebisho lolote kati ya hayo linalowezekana pasipokuwa na nafasi. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliiongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Wananchi wengi huiona nafasi hiyo kuwa ni ardhi iliyoachwa bure. Kwa hakika ndiyo njia ya miguu ya kesho, mtaro, kituo cha daladala, nguzo za taa, mabomba ya maji, na njia za nyongeza pale gari zitakapozidi.

Sheria inatofautisha baina ya mtu aliyeifuata barabara na mtu aliyefuatwa na barabara. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 za awali huhesabiwa kuwa ameifuata barabara, na hastahili fidia. Yule ambaye nyumba yake ilikuwa nje ya mita hizo, na sheria mpya ikamkuta, amefuatwa na barabara, na anastahili fidia eneo lake linapochukuliwa. Kwa sababu hiyo majengo ya kundi la kwanza yamekuwa yakiwekwa alama ya X nyekundu, na ya kundi la pili alama ya X ya kijani. Aidha, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaelekeza kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila ya kuchelewa. Mwananchi aliyefuatwa na barabara asivunjwe moyo kudai haki yake. Na aliyeifuata asitegemee kwamba ukimya wa miaka mingi ni ruhusa.

Goba inayo bado nafasi ya kuepukana na yaliyotokea Kimara. Nyumba zinajengwa kila siku, viwanja vinagawanywa, na maduka yanasogea kuelekea lami. Kila jengo linaloongezeka ndani ya hifadhi leo litakuwa ama ubomoaji wa baadaye, ama sababu ya kuacha barabara bila ya njia ya miguu. Mawe ya mipaka yakiwekwa sasa, yakionekana na yakalindwa, itakuwa nafuu kwa Serikali na kwa mwenye nyumba.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara, TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000. Barabara za mitaa husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Manispaa ina dhamana ya mipango miji na vibali vya ujenzi, na Polisi ina dhamana ya kusimamia sheria. Barabara ya mtaa inapoingia kwenye barabara kubwa, vyombo hivyo vyote hukutana mahali pamoja, na penye wengi wenye dhamana ndipo jambo linapoweza kukosa mwenyewe. Mpango mzuri humtaja kwa jina la ofisi anayehusika na kila taa, kila mtaro na kila kivuko.

Kwa upande wa wananchi, yafuatayo yazingatiwe:

1. Anayekusudia kununua kiwanja karibu na barabara apime kwanza kutoka katikati ya barabara, na aulize ofisi ya ardhi ya Manispaa na wakala anayehusika kabla ya kutoa fedha yake. Hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa haibadilishi mipaka ya hifadhi.

2. Wananchi wahudhurie mikutano ya mtaa inayojadili miradi ya barabara wakati wa usanifu. Maoni yanayotolewa baada ya mkandarasi kuanza kazi huwa ghali kuyatekeleza.

3. Kamati za skuli ziandike mahali watoto wanapovuka, saa wanazovuka na matukio yaliyowahi kutokea, na kuyawasilisha kwa maandishi kwa mamlaka zinazohusika.

4. Wafanyabiashara waiache wazi njia ya miguu. Meza inayomsukuma mpita njia barabarani inaweza kugharimu maisha ya mteja.

5. Vibao, nguzo na mifuniko ya mitaro isiondolewe wala kuuzwa kama chuma chakavu, na taka zisitupwe mitaroni.

6. Madereva wa daladala, lori na bodaboda wakumbuke kwamba kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika makaazi hakisimami kwa sababu tu barabara ni mpya na haina askari.

Barabara za Goba zilijengwa ili kuupunguzia mzigo mji mzima, na zimeifanya kazi hiyo. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba mzigo uliotolewa Ubungo na Mwenge haukuhamishiwa kwenye miguu ya watoto wa Goba. Nafasi ya kulifanya jambo hilo kwa rangi, kingo, visiwa na mawe ya mipaka ingalipo. Ikiachwa ipite, itabidi lifanywe kwa tingatinga, na wananchi wa Kimara wanaweza kueleza gharama yake.